Mate bila mdomo

Ilikuwa saa tano usiku nikafungua ndoo ya mabaki ya jikoni niliyokuwa nimeisahau nyuma ya mlango wiki mbili na kitu hivi, pumzi nimebana, uso nimeugeuzia pembeni, nimejiandaa kwa harufu.

Harufu haikuwa mbaya kivile. Ila juu kabisa kulikuwa na nusu chungwa limevaa manyoya ya kijani yenye ukingo mweupe, poa, hilo nilishalitegemea. Kilichonisimamisha ni upande wa pili. Nilibonyeza ganda kwa kijiko, lile ganda gumu ambalo ukilikunja linakurushia mafuta machoni, na kijiko kikazama kama nachota uji. Na pale kilipozama ukungu haukuwepo. Manyoya yalikuwa yameishia huko nyuma, kama upana wa kidole kizima kabla ya pale palipolainika.

Nikarudia. Gumu, gumu, laini, laini, alafu ndo ukungu unaanza.

Kazi imefika kabla ya mfanyakazi.

Nikamwaga, nikaosha ndoo, nikalala. Lakini kile kitu kikakataa kutoka kichwani, napiga mswaki nakiwaza, niko kwenye foleni nakiwaza, wiki tatu nzima, mpaka nikaona bora nikiandike kiniachie.

## Tumbo la nje

Kuvu, na ukungu ni kuvu, haina mdomo. Hilo sote tulisoma shuleni tukajibu mtihani tukasahau. Mi na wewe tunameza kwanza alafu tunameng'enya, yenyewe inameng'enya kwanza alafu ndo inameza. Inatema protini zake nje, zinaenda kukatakata chakula, alafu vile vipande vidogo vya sukari vinanyonywa kupitia ngozi ya zile nyuzi zake. Shuleni protini hizo tuliziita vimeng'enya, wengine wanasema enzaimu, mi nitachanganya tu mnivumilie.

Kwa hiyo kwenye lile chungwa nilikuwa naangalia mate. (Kusema haki, baadaye nilikuja kuelewa kwamba nyuzi nyembamba za ukungu huwa zimeshatangulia ndani ya ganda, macho tu ndo hayazioni, manyoya ya kijani ni mbegu zake zinazotoka mwishoni. Ila hata hizo nyuzi zinatanguliwa na mate yake, protini za kuyeyusha pektini, ile gundi inayoshikanisha chembe za mmea. Gundi ikiisha, ganda linakuwa uji.)

Sasa pektini ndo sehemu rahisi. Kigumu ni selulosi, na hapa kuna kitu ambacho kila nikikifikiria naona kama mchezo fulani hivi. Wanga wa kwenye kiazi ni mnyororo wa glukosi. Selulosi ya kwenye ganda la hicho hicho kiazi ni mnyororo wa glukosi. Sukari ile ile! Tofauti ni kiungo tu, kimegeuzwa, kila glukosi imepinduliwa ukilinganisha na jirani yake. Basi kwa kugeuza huko minyororo inanyooka, inalala sambamba, inashikana bega kwa bega mpaka maji hayapiti katikati. Ndo maana shati la pamba, ambalo karibu lote ni selulosi, unalifua miaka na haliyeyuki.

Mate yako yanavunja wanga ukiwa bado unatafuna. Selulosi huwezi. Binadamu hatuna hata jeni moja ya kutengeneza kimeng'enya cha kuivunja, tunaipitisha tu kama mgeni asiyeshuka kituo chetu.

Kuvu ndo inashuka.

## Mwizi aliyeajiriwa

Nikaanza kusoma usiku, na nikakutana na kisa cha mahema. Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani liko visiwa vya Pasifiki, unyevu wa hatari, na mahema na nguo za pamba vinaoza vikiwa kazini. Wakachukua vipande vilivyooza wakavipeleka maabara, na kimoja kutoka Visiwa vya Solomon kilikuwa na kuvu iliyokuja kuitwa Trichoderma reesei. Jina la pili linamuenzi Elwyn Reese, mtafiti wa jeshi aliyeishughulikia miaka mingi kule Natick, Massachusetts, pamoja na mtafiti mwenzake Mary Mandels.

Mwanzoni walitaka kuizuia tu. Mwizi anakula mali ya serikali, mkamateni. Alafu wakati wa uhaba wa mafuta miaka ya 1970 swali likageuka, kama hii kitu inageuza hema kuwa sukari, si tuiachie igeuze taka kuwa sukari alafu sukari iwe mafuta? Tangu hapo aina karibu zote za Trichoderma reesei za viwandani ni vizazi vya ile ile iliyotoka kwenye kile kipande cha turubai, waliipa namba QM6a.

Mwaka 2008 jenomu yake, yaani orodha ya jeni zake zote, ilipotangazwa watu walishangaa, kwa sababu walitegemea kukuta ghala la jeni za kuvunja mimea wakakuta chache kuliko za kuvu nyingine nyingi. Kumbe nguvu yake haiko kwenye wingi wa aina za silaha. Iko kwenye kutema. Zile za viwandani zinatoa zaidi ya gramu 100 za protini kwenye lita moja ya mchuzi. Mate mazito kuliko maziwa, mara tatu kwa protini!

Hapo ndo nikaanza kusumbuka kwa namna nyingine.

Kama kuvu inafanya hivi bure ndani ya ndoo yangu, kwa nini kuna viwanda vinakuza kuvu, vinachuja protini zake, vinaitupa kuvu yenyewe, alafu vinauza hayo mate kwa madumu? Kwa nini tusiitupie tu taka tukae pembeni?

## Foleni

Kabla sijajibu, acheni niongelee hizo enzaimu zinavyofanya kazi maana hapa mi ndo niliishiwa maneno.

Enzaimu moja haifanyi kazi peke yake. Kuna zile zinazoshambulia mnyororo katikati, zinakata popote pamelegea, zinaacha ncha zinaning'inia. Alafu zinakuja zile za ncha. Hizi zina umbo la pango, yaani protini ina tundu refu linalopita ndani yake, mnyororo wa selulosi unaingizwa humo kama uzi kwenye tundu la sindano, na protini inatembea juu ya nyuzi huku inakata glukosi mbilimbili, mbilimbili, bila kuachia. Mwisho kuna inayochukua hizo pacha na kuzitenganisha ziwe glukosi mojamoja. Hii ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu pacha zikijaa zinaziba lile pango na kazi inasimama, na Trichoderma kwa bahati mbaya haimwagi nyingi za aina hiyo, ndo maana watu wamezoea kuchanganya na za kuvu nyingine, Aspergillus niger.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani walizitazama hizo za pango zikitembea, moja moja, kwa hadubini inayopapasa vitu vidogo hivyo na kupiga picha haraka haraka. Wakaona zinapanga mstari mmoja. Alafu ya mbele ikikwama kwenye kakitu, za nyuma zinagongana, zinasimama, foleni kabisa kama ya magari!

Nilicheka peke yangu gizani. Nilikuwa najua kwamba kuongeza enzaimu mara mbili hakukupi sukari mara mbili, ila sikujua kwa nini.

Na bado. Miaka mingi kulikuwa na kundi la protini za kuvu ambazo zilikuwa zimebandikwa lebo ya wakataji dhaifu, zinaonekana hazifanyi kitu cha maana, ila ukiziondoa kazi inapungua. Kuanzia 2010 ndo ikaeleweka kwamba hazikati kwa maji kama wenzake, zinatumia shaba na oksijeni, zinachana uso wa nyuzi pale pale palipobana zaidi ili wengine wapate ncha za kuanzia. Ilibidi zihamishwe zipangwe kwenye ukoo mwingine. Miaka yote hiyo zimekaa kwenye faili lisilo lao.

## Dada akauliza swali

Basi na mi nikataka kuona. Nikanunua unga wa pektinase na wa selulase (enzaimu za kuvunja pektini na selulosi), ule wanaotumia watengeneza juisi na mvinyo ili kinywaji kiwe angavu, vyote vinatoka kwenye kuvu. Nikasaga maganda ya karoti na machungwa kwenye blenda, nikaweka maji ya uvuguvugu wa nyuzi 50 hivi maana hapo ndo zinapenda, nikakamulia limao kidogo kwa sababu zinapenda uchachu kidogo pia, nikafungia kwenye chupa ya chai usiku kucha.

Asubuhi ni tope laini kabisa. Nikachovya humo kijiti, vile vinavyotumika kupima sukari ya mkojo, kikabadilika rangi ikawa nzito. Nikapiga picha nikamtumia dada yangu na maneno mengi ya kujisifu.

Akajibu: "Hongera mdogo wangu. Na kabla hujaweka huo unga kilikuwa rangi gani?"

...

Sikuwa nimepima.

Nikasaga maganda mengine bila unga wowote, nikachovya, kikabadilika rangi vile vile. Karoti ina sukari yake, ganda la chungwa lina sukari yake, nilikuwa nimepima kitu kilichokuwepo tangu mwanzo alafu nikajipa sifa mimi. Niliona aibu ile ya kukaa kimya kwenye kochi.

Raundi ya pili nikajitahidi. Chupa mbili. Maganda nimeyaosha na kuyasuuza mara tatu sukari ya juu juu itoke. Chupa moja enzaimu nzima, nyingine enzaimu niliyoichemsha kwanza, kwa sababu protini ukiichemsha inajikunja vibaya na haifanyi kazi tena, kama yai. Safari hii nikakamua limao la kutosha. Asubuhi nachovya, vijiti vyote viwili karibu havijabadilika kabisa.

Siku mbili nilinuna. Niliamini nimeuziwa unga mfu.

Kumbe ni limao. Vitamini C inavuruga ile kemia ya kwenye kijiti, inazuia rangi isitokee hata kama sukari ipo, na mi nilikuwa nimeimwaga kama sina akili, juu ya machungwa ambayo nayo yanayo. Na nilipotafuta kijiti kinafanyaje kazi nikakuta kinachoitambua glukosi mle ndani ni kimeng'enya, na chanzo chake cha kawaida ni Aspergillus niger. Yaani nilikuwa natumia mate ya kuvu moja kuchunguza mate ya kuvu nyingine, bila kujua, huku nazilaumu zote.

Raundi ya tatu ni karoti peke yake na siki badala ya limao. Chupa ya enzaimu iliyochemshwa: rangi hafifu. Chupa ya enzaimu nzima: rangi nzito ya mwisho kabisa kwenye chati.

Nikamtumia dada picha mbili. Akajibu "hapo sawa", basi, hana maneno mengi yule.

## Sukari isiyo na mwenyewe

Sasa kilichonijibu swali langu ni uzembe. Ile chupa iliyofaulu niliiacha mezani, mfuniko umelegea, nikaondoka siku tatu. Niliporudi ilikuwa na povu juu na harufu kali ya uchachu. Nikachovya kijiti na rangi ikawa hafifu tena.

Bakteria. Walikula yote.

Nilikaa nayo hiyo chupa mkononi muda mrefu, kwa sababu wiki zote zile nilidhani suala ni nguvu, ni protini gani inakata vizuri zaidi, na kumbe kukata ndo nusu tu. Kuvu ikitema mate inakaa hapo hapo inasubiri. Kila glukosi inayodondoka inaokotwa. Kuvu nyingine zinatema na sumu za kufukuza majirani, penisilini yenyewe ilitoka kwenye tabia hiyo. Sisi tumechukua mate tukaacha mdomo, kwa sababu mdomo unakula sukari tunayoitaka, hilo ndo jibu la kwa nini viwanda vinaitupa kuvu. Lakini ukishautoa mdomo, sukari inabaki haina mwenyewe, na dunia imejaa wenye njaa.

Nikaanza kuona kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa biashara hii ni kulinda sukari yatima. Unachemsha taka kwanza ili kuua wadudu, unalipia moto. Unafanya haraka kabla ya uchachu. Unabana joto lisishuke. Na taka za chakula za mimea, ambazo kwa upande mmoja ni rahisi kuliko mbao kwa sababu hazina lignini nyingi, ile kama saruji ya miti, kwa upande mwingine ni maji matupu, mboga na matunda mengi ni asilimia 80 au 90 maji, kwa hiyo unapata sukari ya kimaji-maji ambayo ni ghali kuikausha na ni sherehe kwa bakteria. Juu ya hapo leo ndoo ina maganda ya viazi, kesho mkate, keshokutwa machungwa ambayo mafuta yake yanaua hata hamira unayotaka kuilisha hiyo sukari. Kila siku mchanganyiko mwingine wa enzaimu.

Na hizo enzaimu nazo kuna kuvu ililishwa kitu ili izitoe. Hili lilinisumbua zaidi ya yote na bado linanisumbua. Kuna watu wanalikwepa kwa akili sana, wanachukua mkate uliotupwa, wanakuza juu yake Aspergillus, alafu mate hayo hayo yanavunja mkate mwingine kuwa glukosi. Taka inalipia mate yake yenyewe. Hilo naliamini zaidi kuliko madumu.

Kwa ukubwa wake, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ni majumbani, kwenye ndoo kama yangu, iliyosahaulika nyuma ya mlango. Naitaja kwa tahadhari kwa sababu humo kuna nyama na mifupa na kila kitu, sio mimea tu. Ila nilipoisoma nikaangalia zile chupa zangu tatu za chai nikajiona mjinga kidogo.

## Kurudisha mdomo

Alafu kuna watu ambao hawakuwahi kuutoa.

Kisiwa cha Java, Indonesia, kuna chakula kinaitwa oncom. Wanachukua makapi ya soya yanayobaki baada ya kukamua maziwa ya soya, wanapanda kuvu ya rangi ya machungwa, Neurospora intermedia, na ndani ya siku moja na nusu hivi makapi ambayo sehemu yake kubwa mtu hawezi kuimeng'enya yamekuwa keki inayokaangwa na kuliwa. Mwaka 2024 watafiti waliichambua kuvu hiyo wakakuta inavunja selulosi na pektini za makapi, na kwamba aina zinazoishi kwenye mabaki yetu ni tawi tofauti na zile za porini. Imezoea taka zetu. Ni ndugu wa ule ukungu wa rangi ya machungwa uliovamia mikate ya Paris miaka ya 1840 na kuwatia waokaji wazimu.

Kwa hiyo hakuna sukari yatima pale. Kuvu inakula sukari yote, alafu wewe unakula kuvu. Mate na mdomo vimebaki pamoja, na hakuna aliyelipia kulinda chochote zaidi ya siku moja na nusu.

Nilitaka kuandika kwamba hili ndo jibu na nifunge kompyuta. Nikakumbuka sumukuvu. Aspergillus oryzae inayotengeneza miso (kikolezo cha soya cha Kijapani) na mchuzi wa soya ni ndugu wa karibu kabisa wa Aspergillus flavus inayoua watu kupitia mahindi na karanga, kwa macho huwezi kuzitofautisha kirahisi. Ile ya oncom watafiti walipekua hawakukuta jeni za kutengeneza sumu zinazojulikana, lakini hiyo ni kuvu moja inayojulikana kwenye makapi yanayojulikana. Ndoo yangu sio hivyo. Tafadhali mtu asisome hapa akaenda kukaanga ukungu wa nyuma ya mlango, nimeandika kwa herufi za kawaida ila nasema kwa sauti.

Ukirudisha mdomo lazima ujue ni mdomo wa nani. Ukiutoa lazima ulinde sukari. Nimekaa kati ya hizo mbili tangu wiki jana na kila asubuhi naamka upande tofauti.

Chupa ya nne niliifanya vizuri kuliko zote, nikaichemsha mwishoni kuua kila kitu, nikachuja, nikapata nusu kikombe cha maji matamu ya rangi ya karoti. Dada alikuwa amekuja kutembea. Akainusa, akaniuliza sasa hii unaifanyia nini.

Sikuwa na jibu. Nikaenda nyuma nikaimwaga kwenye kona ya shimo la mboji.

Siku ya pili jioni nilipita pale. Kona nzima ilikuwa nyeusi kwa unyevu kama kawaida, isipokuwa pale nilipomwaga, duara kama la sahani, jeupe, lina manyoya.